Klabu ya Kigaeli Haitaki Ada Tu: Uzoefu wa Mzazi Kutoka Tanga Katika Kaunti ya Leitrim

Ninaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki ambao kazi zimewafikisha katika miji midogo ya Ireland, ambako mtoto hata hajamaliza mwezi shuleni huja nyumbani na karatasi ya kumwalika mazoezini kwenye klabu ya michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ireland. Sisi tunaishi Leitrim, kaskazini-magharibi mwa nchi. Mke wangu ni muuguzi katika makao ya wazee. Mimi nilimfuata baadaye nikiwa na watoto wetu wawili, wa kike na wa kiume, na ninafanya kazi ya zamu. Hakuna aliyetukalisha chini kutueleza klabu hizi zinaendeshwaje, na sidhani kama ilikuwa roho mbaya. Wenyeji wamezaliwa humo, baba na babu zao walivaa jezi hizo hizo, na haiwajii akilini kwamba kuna jambo la kueleza.

Kwa jinsi nilivyokuja kulielewa baada ya kusimama sana kwenye mvua, klabu ya Kigaeli katika kaunti ndogo si huduma inayonunuliwa kwa ada ya mwaka. Ni msaragambo: kila kaya hutoa mtu, na anayekosekana huonekana. Mzazi anayelijua hilo mapema hupata majirani. Asiyelijua hulipa ada, humshusha mtoto kwenye gari, huondoka, na miaka inapita bila ya mtu kujua jina lake.

Udogo wa kaunti ndio unaoeleza mengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 35,199 katika Leitrim nzima, idadi ndogo kuliko ya kaunti nyingine yoyote Ireland, na watu hao wanazo klabu zaidi ya 20, kuanzia Kinlough karibu na bahari ya Atlantiki hadi Ballinamore, Mohill na Carrick-on-Shannon upande wa kusini. Kandanda ya Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande. Chukua vijana wa rika moja katika parokia ya mashambani, ondoa wasiopenda michezo, ondoa walioko Dublin masomoni na waliokwenda ng'ambo kutafuta maisha, na utaelewa kwa nini kocha hufurahi akiona gari la familia ngeni likiegeshwa. Timu ya kaunti imetwaa ubingwa wa jimbo la Connacht mara mbili tu, mwaka 1927 na mwaka 1994, na nahodha wa mara ya pili, Declan Darcy, alikuwa mzaliwa wa Dublin aliyeichezea Leitrim kwa asili ya wazazi wake. Mwaka 2023 Leitrim ilisafiri hadi New York na kutolewa kwa mikwaju ya penalti na timu ya huko, ambayo haikuwa imeshinda mechi hata moja ya ubingwa huo tangu iingizwe mwaka 1999. Januari 2025 kaunti ililazimika kukubali kushindwa bila kucheza katika mechi ya ligi dhidi ya kaunti jirani ya Fermanagh kwa sababu majeruhi walikuwa wengi na wachezaji waliobaki hawakutosha. Mtu anayekuambia hapa kwamba mtoto wako anahitajika hakubembelezi, amehesabu vichwa.

Mimi nimekulia Tanga, na mpira kwangu ulikuwa Coastal Union na African Sports, kwa hiyo mechi ya kwanza niliitazama nikiwa sielewi lolote. Milingoti ina umbo la herufi H. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia wavuni ni goli, na goli moja ni sawa na pointi tatu, ingawa tangu mwaka 2025 katika mechi za wanaume wakubwa mkwaju unaopita juu ya mwamba ukipigwa kutoka nje ya tao lililochorwa mita 40 kutoka golini huhesabiwa pointi mbili. Mchezaji hushika mpira kwa mikono, lakini hawezi kwenda nao zaidi ya hatua nne bila kuudundisha au kuupiga kwa ncha ya kiatu ukarudi mkononi, na haruhusiwi kuudundisha mara mbili mfululizo. Mvulana haokoti mpira moja kwa moja kutoka ardhini. Ni lazima kwanza auinue kwa ncha ya kiatu. Binti anaruhusiwa kuuokota. Tofauti hii ilileta ugomvi mkubwa sebuleni kwetu, kwa kuwa mwanangu alikuwa akijifunza kuuinua kwa mpira wa soksi, dada yake akauchota kwa mkono mmoja na kumwambia kuwa yeye sheria inamruhusu.

Tofauti ya sheria inatokana na tofauti ya vyama, na hapa mzazi mgeni ajihadhari na mfuko wake. Chama kikuu, GAA, kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884, husimamia kandanda ya wanaume na halingi yao, yaani mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa magongo. Kandanda ya wanawake ina chama chake kilichoanzishwa mwaka 1974, na kamogi, yaani halingi ya wanawake, ina chake tangu mwaka 1904. Kuna mpango wa kuviunganisha vyote ifikapo mwaka 2027, lakini mpaka sasa klabu inaweza kuwa moja machoni pako, uwanja mmoja na rangi moja za jezi, huku binti na kaka yake wakisajiliwa sehemu mbili na kulipiwa mara mbili. Mimi nililipa mara moja kwenye tovuti nikaamini nimewalipia wote, na binti yangu akafanya mazoezi wiki kadhaa akiwa hayumo katika orodha yoyote. Uliza msajili wa klabu kwa maneno ya wazi: kila mtoto amesajiliwa katika chama gani, na usajili umekamilika au unasubiri idhini?

Hilo si suala la makaratasi tu. Mtoto asiyesajiliwa hana haki ya kudai chochote kutoka kwenye mfuko wa majeruhi wa chama, na mfuko huo wenyewe si bima ya kila kitu. Hurudisha sehemu ya gharama ambazo hazikulipwa kwingine, kwa viwango vyake. Kinga ya meno ni lazima katika kandanda, mazoezini na kwenye mechi, na asiyeivaa hana dai la meno. Helmeti yenye uso wa vyuma ni lazima katika halingi kwa umri wowote. Mwaka wa kwanza, ada za vyama viwili, viatu vya njumu, kinga za meno, kaptula na soksi za klabu, kisha gongo na helmeti baada ya kijana kuona halingi na kuitaka, vilituondolea karibu euro 400, na kwa mishahara yetu hilo liliuma. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba viatu vya watoto huzunguka kati ya nyumba na nyumba bila malipo, kwa sababu mguu hukua kabla kiatu hakijachakaa. Unatakiwa kuuliza tu kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Sisi tuliona haya kuuliza. Viatu vya kwanza vya binti yangu tulivinunua dukani kwa bei kamili, na kabla msimu haujaisha vilikuwa vinambana.

Kundi hilo la WhatsApp ndilo ofisi halisi ya klabu. Mazoezi huahirishwa humo saa moja kabla ya muda, kwa kuwa uwanja umejaa maji, na katika kaunti hii uwanja hujaa maji kweli. Wenyeji wana utani kwamba ardhi ya Leitrim haiuzwi kwa ekari bali kwa galoni. Humo pia hupita maombi ambayo mgeni huyasoma kama matangazo ya jumla: nani atakata machungwa Jumamosi, nani atafua jezi, nani ana nafasi ya watoto wawili kwenye gari. Nilikuwa nikiyasoma na kuyapita, nikidhani kuna wafanyakazi wanaolipwa kwa kazi hizo. Hakuna. Wachezaji hawalipwi, hata wale wa timu ya kaunti wanaojaza viwanja, na mtu niliyemdhania mtunza uwanja alikuwa fundi bomba aliyetoka kazini jioni ile. Siku niliyochukua begi la jezi nikaenda nalo nyumbani, likanuka tope gari zima, nikazifua, nikazianika juu ya vipasha joto kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, na kuzirudisha zimekunjwa kwa namba, ndiyo siku ambayo mwenyekiti alinijia na kuniuliza natoka sehemu gani ya Tanzania.

Ukitaka kusaidia makocha wa watoto, na ninakushauri utake, lazima uhakikiwe na polisi wa Ireland, Garda, na usome kozi fupi ya ulinzi wa watoto. Uhakiki hufanyika bure kupitia klabu, lakini fomu inadai anwani zote ulizowahi kuishi tangu kuzaliwa. Kwa mtu aliyezaliwa Ngamiani, akahamia kwa shangazi Muheza, akapanga chumba Dar es Salaam katika nyumba isiyo na namba, hiyo ni shughuli ya jioni nzima. Niliandika jina la barabara, kata, mji na mkoa, nikaweka miaka kadiri ninavyokumbuka, nikahakikisha hakuna pengo kati ya anwani moja na nyingine, na haikurudishwa. Mwenzangu mmoja aliiacha miaka miwili tupu kwa kuwa alikuwa akiishi kwa marafiki mbalimbali, na fomu yake ikarudi. Andika nyumba ya rafiki. Anza pia mapema, maana majibu huchukua wiki kadhaa, na katika muda huo hutaruhusiwa kukaa na kundi la watoto bila msimamizi.

Sisi ni Waislamu, na katika hilo niseme yaliyotokea bila kupaka rangi. Mapato makubwa ya klabu yetu hutoka kwenye bahati nasibu ya kila wiki, na kila kaya hupewa kitabu cha tiketi za kuuza. Sikutaka kuziuza, na kwa muda nilikuwa nikikirudisha kitabu kikiwa kizima bila maelezo, jambo ambalo lilitafsiriwa kuwa uvivu. Hatimaye nilimweleza mweka hazina kwamba hiyo kwetu ni kamari, nikaomba kazi nyingine badala yake, na alilipokea bila kinyongo. Tangu hapo mimi ndiye ninayechora mistari ya uwanja kwa chokaa. Sherehe za baada ya mechi hufanyika baa, soseji wanazopewa watoto ni za nguruwe, na hayo yote hutatuliwa kwa kutamka mapema badala ya kununa pembeni. Mama mmoja alianza kuleta sandwichi za mayai mara tu alipoambiwa. Ramadhani ya miaka hii imeangukia mwanzoni mwa msimu, mazoezi yakiwa saa moja jioni na jua likizama wakati huo huo, kwa hiyo binti yangu alifuturu kwa tende na maji akiwa amesimama kando ya mstari, kocha akiwa amewapa wote mapumziko ya kunywa maji ili asijione yuko peke yake. Nilifarijika pia kujua kwamba Croke Park yenyewe, uwanja mkuu wa chama pale Dublin, iliwahi kufunguliwa kwa sala ya Iddi mwaka 2020, wakati wa korona, waumini wakiwa wametawanyika juu ya nyasi.

Kuumia kutatokea. Kijana wangu alipigwa gongo la kidole katika mazoezi ya halingi, kidole kikavimba, nasi kwa hofu tukakimbilia moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali katika kaunti jirani, maana Leitrim haina hospitali yenye idara hiyo. Tulikaa hapo usiku mrefu na baadaye ikaja ankara ya euro 100. Laiti tungepita kwanza kwa daktari wa mtaa au wa zamu ya usiku na kupata barua yake ya rufaa, ada hiyo isingekuwepo. Kwa kidole, daktari wa zamu anatosha; kwa kichwa, usisubiri barua. Mwambie kocha siku hiyo hiyo ili aliyejeruhiwa aandikwe katika kumbukumbu za klabu, na hifadhi kila stakabadhi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi wetu hulinyamazia. Katika mechi moja ya ugenini, mtoto wa upande wa pili alimwita mwanangu jina la rangi yake, na mtu mzima aliyekuwa karibu akacheka. Nilitetemeka kwa hasira, na nilitamani kuingia uwanjani. Kocha wetu alimwita mwamuzi, mechi ikasimama. Usiku ule mke wangu, ambaye kazi yake imemzoeza kuandika ripoti, aliandika kwa Afisa wa Watoto wa klabu yetu: tarehe, uwanja, dakika, maneno yenyewe bila kuyapamba, na nani aliyasikia. Kila klabu inatakiwa kuwa na afisa huyo, na jina lake hubandikwa au huwekwa kwenye tovuti. Lijue kabla hujalihitaji. Viongozi wa upande wa pili walikuja kuomba radhi pamoja na mtoto na mama yake. Yule mtu mzima hakuja, na nijuavyo hakuna lililompata. Siwezi kusema niliridhika. Ninachosema ni kwamba lalamiko la mdomo kwenye maegesho ya magari hufa palepale, na lililoandikwa lililazimu watu kukaa kikao.

Mpaka umri wa miaka 12 watoto hucheza timu ndogondogo, hakuna kombe, na kila mmoja hupewa muda wa kucheza. Baada ya hapo mashindano huanza na benchi huanza. Katika klabu kubwa ya Dublin yenye mamia ya watoto, naambiwa na ndugu zetu walioko huko, kijana wa kawaida huweza kupotea katika timu ya tatu. Huku kwetu hata asiye hodari huingia uwanjani, kwa kuwa wachezaji wa akiba ni wawili au watatu. Lakini uhaba huo huo una uzito wake: kijana akitaka kupumzika, nyumba nzima hupigiwa simu, na akikosa mechi kwa ajili ya madrasa au harusi ya ndugu Birmingham, utasikia habari zake dukani. Tulipata faida kwa kutoa kalenda yetu mwanzoni mwa msimu, sikukuu zetu zikiwa zimewekwa alama, na kusimama kwenye neno letu kwa siku zilizobaki.

Halingi hapa ni ya watu wachache zaidi. Klabu zake katika kaunti zinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Hata hivyo mwaka 2019 timu ya kaunti ilitwaa Kombe la Lory Meagher, ambalo ni la daraja la chini kabisa, pale Croke Park, na mmoja wa wachezaji wake alikuwa Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Iraq na kufika Carrick-on-Shannon mwaka 2002 akiwa mtoto. Mwanangu analijua jina hilo kuliko la mchezaji yeyote wa Tanzania, na mimi nimeacha kulalamika.

Ukihama nyumba, kumbuka kwamba kwa desturi mtoto huchezea parokia anamoishi, na kubadili klabu kunahitaji fomu na idhini ya kamati ya kaunti. Tazama mipaka kabla ya kusaini mkataba wa pango, hasa ikiwa rafiki zake wote wako upande mmoja wa barabara. Msimu huu timu ya kijana wangu imeunganishwa na ya parokia jirani, kwani kila upande ulikuwa na watoto tisa. Wazee wa pande zote mbili walipinga, wakakumbushana faulo za miaka ya themanini, na kikao kizima kikaishia kwenye swali la jezi za nani zivaliwe. Zimenunuliwa mpya za rangi ya tatu, ambayo hakuna anayeipenda. Mazoezi sasa yako kilomita 14 kutoka kwetu badala ya 3, hakuna basi, na mke wangu anapokuwa zamu ya usiku gari huwa naye. Kwa hiyo Jumanne kijana hupanda na familia ya mwenyekiti wa zamani, na Ijumaa mimi huwabeba watoto wao watatu pamoja na magongo yao.